Umio Niliouchora Ubaoni

Bundu haitafunwi. Asiyejua hilo, hata akisema Lukonzo, lugha yetu, kama maji, ni mgeni. Bundu ni ugali wa muhogo, mlaini, wenye kuvutika. Unakata tonge, unalizungusha kwenye vidole, unalichovya kwenye mchuzi wa samaki, kisha unaliachia koo lifanye kazi yake. Meno hayana shughuli hapo. Nilipokuwa mdogo kule Bwera nilitafuna mara moja mbele ya wageni, na mama yangu akaninong'oneza nisimwaibishe.

Nilikua nikawa mwalimu wa biolojia. Kwa miaka kadhaa nilifundisha sekondari moja mjini Kasese, magharibi mwa Uganda, na kama kuna somo lililonipa sifa, ni lile la safari ya chakula. Nilianza na bundu, na darasa lote likaamka. Fikirieni tonge, niliwaambia. Ulimi unalisukuma nyuma. Kilimi kinainuka na kuziba njia ya puani. Kidakatonge kinainama kufunika njia ya hewa. Tonge linaingia kwenye umio, na hapo ndipo chaki yangu ilipopata uhai. Niliuchora umio kwa mkono mmoja bila kuinua chaki: unaanzia nyuma ya koo, unashuka nyuma ya bomba la hewa, unapita nyuma ya moyo, unatoboa kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, halafu unafunguka kwenye mfuko wa tumbo. Kama sentimita ishirini na tano hivi, shubiri moja na kidogo. Si bomba lililo wazi kama la maji ya mjini. Mtu asipomeza, umelala bapa kama soksi isiyo na mguu ndani. Na chakula hakianguki tu. Misuli inakikamua kushuka, ndiyo maana mtu anaweza kumeza hata kichwa kikiwa chini. Niliwaonyesha pia sehemu tatu ambapo njia hubanwa: mwanzoni kabisa, katikati ya kifua, na pale kwenye kiwambo. Walimu wenzangu walikuwa wakisimama dirishani kunisikiliza. Nilijiona sana, na sikuficha.

Naeleza haya mapema ili msomaji asije akanihurumia baadaye akidhani sikujua. Nilijua.

Mke wangu alitoka katika familia ya Waislamu wenye malori hapohapo Kasese. Kwao lugha ya nyumbani ilikuwa Kiswahili. Tulioana kila mtu akabaki na dini yake, jambo lililowapa ndugu zangu maneno ya kutosha mwaka mzima. Aliyewanyamazisha ni mama. Alishuka kutoka Bwera, akaingia jikoni kwa mkwe wake, akamfundisha kusonga bundu, wakatoka wote wawili wana unga mpaka kwenye nyusi. Mama alikuwa amefanya biashara ya samaki maisha yake yote, ananunua Katunguru na kuuza soko la Mpondwe, na Kiswahili chake kilikuwa cha mpakani, nusu yake kimetoka Kongo. Hakikumzuia. Hao wawili walielewana kuliko nilivyowahi kuelewana na yeyote kati yao.

Katikati ya miaka ile ya elfu mbili na kumi, mama alikuja kukaa nasi. Alisema ni magoti.

"Magoti imechoka kupanda mulima," alituambia, na sisi tukaamini magoti.

Wiki za kwanza alikula, ila kila tonge alilifuatishia maji. Nilidhani ni joto la Kasese, maana Bwera kuna baridi kidogo. Kisha siku moja nikainua macho kutoka kwenye sahani yangu nikamwona anatafuna bundu. Anatafuna kabisa, taratibu, kama mtu anayetafuta jiwe kwenye wali. Mama yangu, yule aliyenikanya mbele ya wageni. Nilimwona, nikafikiri ni uzee, nikaomba chumvi.

Baada ya hapo akaanza kusema ameshiba kabla hajaanza. Kisha akawa anachukua sahani yake na kwenda kula nyuma ya nyumba, na kuku wakanenepa. Mwishoni mke wangu akakuta sufuria ndogo nyuma ya jikoni, imefunikwa na jani la mgomba, ndani kuna uji mwepesi. Mama alikuwa anajipikia mwenyewe.

Mke wangu hakupiga kelele. Alikuja nikiwa nasahihisha madaftari, akasimama mlangoni.

"Mama anapika uji yake peke yake," alisema. "Kama chakula yangu iko na kitu, aniambie mimi. Asinifiche."

Inabidi nieleze uzito wa jambo hilo. Kwetu, mtu akikataa chakula chako mara moja, ameshiba. Akikataa mara ya pili, ana neno moyoni. Akikataa mara ya tatu na kujipikia katika nyumba yako, amekushitaki: anasema unamlisha sumu. Hahitaji kufungua mdomo. Sufuria inasema. Na mwanamke akishatajwa hivyo, hata nduguze hawali tena kwake. Mikono yake yote inakuwa na shaka mpaka anaingia kaburini. Mke wangu alijua. Mimi nilijua. Mama alijua kuliko sisi sote, ndiyo maana alifunika sufuria kwa jani.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuwa akikaa upande wa stesheni ya zamani ya reli, na alikuwa na macho. Alikuja kumsalimu wifi yake, akamtazama mikono, akamtazama shingo. Nilipomsindikiza hadi barabarani akaniambia, "Mama yako anakonda mu nyumba yako. Wewe uko musomi. Unaona, ama unafanya nini?" Siku chache baadaye nikasikia maneno hayohayo kutoka kwa mtu mwingine kabisa, sokoni.

Hapo kuna jambo moja ambalo hunipandisha joto usoni hata nikiwa peke yangu. Jioni moja, kabla ya chakula, mama alikuja akakaa karibu na meza yangu. Hakuwa na kawaida hiyo. Alitazama daftari la mwanafunzi lililofunguliwa kwenye mchoro wa tumbo.

"Mwalimu," akasema, kwa utani wake wa kuniita hivyo, "hii chakula ikishaingia mu kinywa, inapitaka wapi?"

Nilifurahi. Nilichukua karatasi nikamchorea umio wote, bila kuinua kalamu, nikamhubiria kama wale watoto wangu. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza, akaweka kidole katikati ya mchoro, kwenye kifua.

"Na hapa? Hapa haiwezi kufunga?"

"Labda umeze jiwe," nikamjibu, nikacheka, nikarudi kwenye madaftari.

Kisha akasema asante, akainuka, akaenda na ile karatasi. Mganga hajigangi, watu husema, lakini huyo mganga angalau anaweza kusema alishughulishwa na wagonjwa wengine siku hiyo. Mimi niliulizwa na mmoja tu, akaniwekea kidole palepale, na sikumwona.

Jumapili moja baada ya ibada niliwaita shangazi na baba mkwe wangu. Nilijiambia kwamba natafuta amani. Kweli ni kwamba nilichoka kusemwa. Nilitaka mama ale chakula cha mke wangu mbele ya watu wa pande zote mbili, maneno yaishe, kila mtu aende zake. Mke wangu alisonga bundu, akapika samaki kwa nyanya. Baba mkwe, mzee mpole wa kofia nyeupe, alinawa mikono, akasema bismillahi, akala. Shangazi alimega kipande kidogo, akakizungusha sahanini, akingoja.

Mama hakugusa. Nikasimama. Nilisimama kama ninavyosimama darasani.

"Mama, leo tunakula wote. Kula, watu waone."

"Niachie, mwanangu."

"Kama huna neno na mke wangu, kula."

Aliniangalia. Kisha akamwangalia mke wangu, aliyekuwa ameshika pindo la mtandio wake kwa mikono miwili. Nadhani hapo ndipo alipoamua. Akamega tonge, na si dogo. Tonge kamili, la heshima. Akalichovya, akalitia mdomoni, akameza.

Nililiona likipita shingoni. Nilifurahi kabisa. Halafu mama akaweka kiganja katikati ya kifua. Mate yakaanza kumtoka pembeni ya mdomo kwa sababu hata mate yalikuwa hayana pa kwenda. Macho yalimjaa maji. Na mimi nikasema, na hili sijawahi kumwambia mtu, "Meza." Nikarudia, kwa sauti ile ya darasani, "Meza, mama." Mke wangu alikuwa ameshakimbilia maji. Mama akanywa, maji yakarudi kupitia puani. Akainama juu ya beseni la kunawia, akavuta pumzi, akakamuliwa mwili mzima, na tonge likatoka.

Lilitoka vilevile lilivyoingia. Jeupe, la duara, na nyanya yake juu. Halikuwa na harufu ya tumbo, ile harufu chungu ya tindikali. Mwalimu wa biolojia alipaswa kusoma beseni lile kama mtu anavyosoma gazeti: halikufika. Sikusoma. Nilikuwa nimeganda kwa hasira na aibu, na hasira ilikuwa kubwa zaidi.

Shangazi aliinuka.

"Amelishwa," alisema. Hakupaza sauti. Akachukua mkoba wake, akatoka nje, na uani kulikuwa na majirani wanarudi kutoka kanisani.

Mama alisikia. Alikuwa bado ameinama, anapangusa mdomo kwa khanga. Akanyoosha mkono, akanishika suruali.

"Enda duka. Leta mukate. Ile ya mu karatasi, haijafunguliwa."

Nilikwenda. Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara. Shangazi alikuwa ameshazungukwa, na walinyamaza nilipopita. Nilirudi na mkate, mama akaufungua mwenyewe, akatoa kipande cha katikati, kile kilaini. Baba mkwe akasema, "Mama, wacha, tafadhali. Tumeelewa." Hakumsikiliza. Alitafuna kwa muda mrefu sana, akifumba macho, kisha akameza. Tukangoja. Mkono wake ukapanda tena kifuani, mahali palepale. Mkate nao ukarudi.

Alipopata pumzi alitutazama mmoja mmoja: mimi, mke wangu, baba mkwe.

"Hii ni mukate ya duka. Mukwe wangu ameitia sumu saa ngapi? Ni njia ndiyo imefunga. Tangu wakati wa kupalilia maharage. Nilikuwa naona haya kusema."

Mke wangu alipiga magoti akamkumbatia miguu. Mimi nilisimama na mfuko wa mkate mkononi. Ushahidi mama aliutoa, aliutoa kwa maumivu ambayo nimeyasomea na siwezi kuyapima, lakini waliouona walikuwa watatu tu, na wa ukoo wangu alikuwa mmoja: mimi. Habari ya kwanza ilikuwa imeshatoka nje na shangazi. Hii ya pili ilibaki ndani ya nyumba ikingoja mtu wa kuitoa.

Asubuhi yake baba mkwe alitupeleka Mbarara kwa pikapu yake mwenyewe. Hakunilaumu kwa neno. Alimpangia mama mto, akaendesha polepole kwenye mashimo. Tulipovuka daraja la Katunguru mama aligeuza kichwa kuwatazama wanawake wa samaki, na baada ya hapo ndipo akaniambia, "Nilifikiri utaona wewe mwenyewe. Ni wewe unafundishaka mwili." Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza kwa nini alichelewa. Baba mkwe aliendelea kutazama barabara.

Hospitalini walimwingiza kamera kupitia mdomoni. Daktari, kijana kuliko mimi, alinikalisha akanichorea umio kwenye nyuma ya fomu. Mchoro wake ulikuwa mbaya. Akaweka alama katikati ya kifua, pale ambapo bomba la hewa la kushoto linapita mbele ya umio. Uvimbe. Saratani. Alieleza kwamba ugonjwa huu hubisha hodi kwa utaratibu: kwanza vitu vigumu vinakataa, kisha vilaini, mwisho hata maji. Mtu huanza kunywa maji na kila tonge. Huanza kutafuna kupita kiasi. Nilikuwa natikisa kichwa kama nasikia kwa mara ya kwanza.

"Ilianza lini, mama?" daktari akauliza.

"Ni juzi tu," mama akajibu haraka, na akanitazama.

Alinilinda, na nikamwacha anilinde. Nilijua ni tangu maharage, na sikumsahihisha. Daktari akasema kwa upole kwamba haionekani kama ni ya juzi. Akanigeukia mimi.

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Mwalimu."

"Wa somo gani?"

"Jiografia," nikasema.

Mama aliangalia dirishani.

Uvimbe ulikuwa mrefu, hakukuwa na kukata. Walimwekea bomba dogo la waya ndani ya umio ili pawe na upenyo, nasi tukarudi Kasese. Akaishi miezi minne hivi kwa vitu vya kunywa. Mke wangu alichemsha samaki mpaka mifupa ikalainika, akachuja mara mbili, akamnywesha kijiko kwa kijiko akiwa amemkalisha wima, kwa sababu daktari alisema asilale baada ya kunywa. Walikuwa wanacheka humo chumbani. Nilikuwa nawasikia nikiwa sebuleni, na nilikuwa napata sababu za kutoingia.

Siku niliyoingia kumwomba radhi nilikuwa nimeyapanga maneno. Hakuyataka.

"Ya kwangu imeisha," alisema, sauti ikiwa imekuwa nyembamba. "Ya mukwe wangu ndiyo haijaisha. Watu wanasemaka. Nikiwa nimekufa watasema zaidi. Wewe uwaambie. Uwaambie ya bundu na ya mukate, vile ilikuwa."

Nikamwahidi. Nilimshika mkono nikamwahidi.

Tulimzika Bwera, juu kule kwenye mibuni, watu wengi sana, hata wachuuzi wa Mpondwe walifunga meza zao wakaja. Mke wangu alisema ni yeye atakayepika kwa ajili ya waombolezaji, kama mkwe. Alisonga bundu tangu alfajiri, sufuria tatu, akapanga sahani za kukodi kwenye meza chini ya turubai. Hatua chache pembeni shangazi naye alikuwa ameinjika sufuria zake, foleni ikaelekea huko, na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Nilipewa nafasi ya kusema. Nilisimama mbele ya ukoo wote, na shangazi alikuwa mstari wa mbele. Maneno yalikuwepo. Yalihitaji dakika tatu: mke wangu hana kosa, chakula chochote kilikuwa hakipiti, nilimlazimisha mama kumeza, akatapika, kisha akala mkate wa dukani mbele yangu ili kutuonyesha. Lakini ili niseme la mkate, ilinibidi nipitie kwenye lile la kumlazimisha. Njia nyingine haikuwapo. Nikafungua mdomo nikawaeleza umio. Niliwaeleza urefu wake, misuli yake, sehemu zake tatu zinazobana, jinsi saratani inavyoota. Nilisema vizuri. Wazee waliitikia kwa vichwa. Mmoja alisimama akasema mama yetu alikuwa na bahati kuzaa mtoto msomi aliyemhangaikia mpaka Mbarara, na watu wakapiga makofi msibani.

Saa tisa hivi, watu walipoanza kutawanyika, nilikwenda nyuma ya jikoni. Mke wangu alikuwa ameinama kwenye karai la maji, anaosha sahani. Nilianza kumwambia amefanya kazi kubwa. Hakuinua kichwa.

"Mama alinisemea na koo imefunga," alisema. "Yako iko wazi."

Akachukua sahani nyingine kutoka kwenye rundo, akaitumbukiza, akaipitisha kitambaa, akaiweka upande wa pili. Nililitazama lile rundo. Sahani nyingi zilikuwa safi kabla hajazigusa.